Meli Niliyoifundisha Kinyumenyume

Ninyi mnaoanza Kigiriki mwaka huu, sitawadanganya kwamba ni lugha rahisi. Wako walimu wanaosema hivyo siku ya kwanza, na kufikia wiki ya tatu wanafunzi wao wanawakwepa njiani. Mimi nimeifundisha hapa Bunia miaka thelathini na mmoja, katika shule ya theolojia, mpaka macho na magoti vikaniambia inatosha. Sasa nakaa nyumbani na sungura wangu. Kila nikiona kijana anapita na kitabu cha sarufi kwapani, natamani kumwita aketi tuongee, lakini vijana wa siku hizi wana haraka. Basi nimeona niandike.

Nitawaeleza habari ya neno moja tu. Neno lenyewe ni naus, maana yake meli. Nimelichagua kwa sababu hakuna neno lililonitia aibu kama hilo, na hakuna lililonipa furaha kama hilo, na vyote viwili vilikuja kwa mkono wa mtu mmoja.

Kwanza mlijue. Naus, neos, nei, naun: hiyo ni meli moja, yaani meli yenyewe, ya meli, katika meli, na meli inayotendwa jambo. Zikiwa nyingi ni nees, neon, nausi, naus. Mnaona utundu wake? Linaanza na na, ghafla linakwenda ne, kisha linarudi na kama mtu aliyesahau kofia nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kulia. Muzee Anselme, mwalimu wangu, mtu wa kule Kilo aliyekuwa na sauti nene na kikohozi cha tumbaku, alitutuliza. Alisema zamani sana katikati ya neno hilo kulikuwa na herufi iliyotamkwa kama w yetu. Wagiriki wakaichoka, wakaiacha, na vokali zilizobaki zikaanza kusukumana kutafuta nafasi ya kukaa. Ukitaka kuona mabaki ya ile w, alisema, tazama Kilatini, kinasema navis, na Kifaransa chako cha shule kinasema navire. Tangu siku ile sikulichukia tena neno hilo. Mtu ukishajua kilichompata mwenzako, humcheki tena anavyotembea.

Wagiriki wenyewe hawakukubaliana. Wa visiwani na wa pwani ya mashariki walisema neus. Wengine walisema naos pale ambapo wenzao walisema neos. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa hasira, "Profe, hawa watu hawakukuwa na serikali?" Nikamwambia, "Weye unasema mutu, mwenzako wa Zanzibar anasema mtu. Nani amewakamata?" Darasa likacheka, na yeye mwenyewe akacheka, na hiyo ndiyo siku aliyoanza kujifunza.

Sasa maana. Naus si mtumbwi. Ni chombo kikubwa cha kupita baharini, cha biashara au cha vita, na ile ya vita waliiita naus ndefu. Katika Maandiko karibu kila mahali mtakutana na neno jingine, ploion, la kila siku. Naus inatokea mara moja tu, katika habari ya yule mtume mfungwa anayepelekwa Roma, pale meli inapogonga mchanga. Mara moja! Kila mwaka mtu aliniuliza kwa nini tuhangaike na maumbo manane kwa ajili ya mara moja. Nilijibu: kwa sababu ya watoto wake. Nautes ni baharia. Naukleros ni mwenye meli. Nauagia ni kuvunjika kwa meli. Na nautia ni kile kichefuchefu cha mtu anayetikiswa na maji, kile ambacho daktari wenu wa Nyankunde anakiandika kwa Kifaransa nausée. Mkimjua mama, watoto mtawatambua hata gizani.

Namna ya kulikariri: msikae nalo mezani. Shuleni kwetu Jumamosi asubuhi tulikuwa na salongo, kazi ya pamoja, katika shamba la mihogo nyuma ya nyumba za wanafunzi. Muzee Anselme ndiye aliyeanzisha desturi hii, nami nikaiendeleza. Wa mwaka wa kwanza walipangwa mstari, na kila jembe likishuka lilishuka na umbo moja. Naus! Neos! Nei! Naun! Majembe manane, maumbo manane, halafu wote wanapumzika na kunywa maji. Anayekosea anarudi nyuma hatua tatu na kulima tena palipolimwa. Mpishi wetu, mama ambaye hakupita shule ya msingi, aliyajua yote manane kwa kuyasikia tu, na akikoroga bugali alikuwa anayaimba kuwasuta wanafunzi waliofeli. Nimewaona wachungaji wenye mvi wakisalimiana barabarani kwa maneno hayo. Mmoja anasema naus, neos, mwingine anajibu nei, naun, na wanashikana mikono huku wapita njia wanashangaa.

Siku hizi mna simu. Unagusa neno kwa kidole na linakupa maumbo yake yote, na sauti juu. Sisi tulikuwa na mashine ya stensili iliyotapika wino wa buluu mpaka kwenye mashati ya Jumapili, na kamusi moja ya Kigiriki na Kifaransa kwa wanafunzi kumi na saba. Sina wivu na simu zenu. Nina wivu kidogo. Lakini simu hiyo haitawaokoa na kosa nitakalowasimulia sasa, kwa sababu mimi pia nilikuwa na kamusi, na kamusi ilisema kweli, na bado nilipotea.

Mimi ni mtoto wa vilima vya Bule. Kwetu ni maharagwe, viazi, ng'ombe wachache na baridi ya asubuhi. Maji makubwa niliyoyajua utotoni ni kijito cha kunyweshea mifugo. Nilifika umri wa miaka hamsini bila kukanyaga chombo chochote cha majini, na sikuona kwamba nimepungukiwa. Sasa, katika habari ile ya meli kuvunjika kuna maneno mawili: prora na prumna. Kamusi inasema moja ni proue na nyingine ni poupe. Vizuri. Lakini mtoto wa Bule, proue ni nini na poupe ni nini? Ni ncha mbili za meli, hiyo nilijua. Ipi ya mbele, ipi ya nyuma, sikujua, na sikujua kwamba sijui.

Siku Muzee Anselme alipofundisha sura hiyo mimi nilikuwa nimelala na malaria. Nilikopi mchoro katika daftari la mwenzangu. Meli ilichorwa ncha zote mbili zimeinuka juu, kama ndizi, na kila ncha ina jina lake. Ncha ya kushoto, prora. Ncha ya kulia, prumna. Hapakuwa na mshale wa kuonyesha inakokwenda. Mimi nikaiangalia na kuona ni jambo la wazi: kitu kinachokwenda kinakwenda kulia, kama tunavyoandika. Basi kulia ndiko mbele. Prumna ni mbele. Prora ni nyuma. Nikaandika kwa wino, si kwa penseli, na daftari hilo ndilo nililofundishia.

Habari yenyewe inasema prora ilikwama mchangani ikatulia, na prumna ikapasuliwa na mawimbi. Kwa hiyo mimi nilifundisha kwamba meli iliingia nchi kavu kwa mgongo, na mbele yake ikavunjika. Hamcheki? Watu wa ziwani wangecheka. Lakini wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wa wakulima kama mimi, wa Djugu na Irumu, nao waliandika bila kuuliza. Mmoja tu aliwahi kuinua mkono akataka kujua meli inawezaje kufika kinyumenyume. Nikamweleza bila kusita kwamba mawimbi yaliizungusha. Hilo la mawimbi kuizungusha nililitunga palepale, na mwaka uliofuata likaingia katika maelezo yangu kama kitu nilichosoma. Nilifundisha hivyo miaka kumi na minne.

Tena nililitolea mtihani. Kila mwaka swali la mwisho lilikuwa la mchoro: chora meli, weka majina ya ncha zake, onyesha nanga zilishushwa upande gani, onyesha palipovunjika. Lilibeba pointi nyingi kwa sababu nililipenda.

Ndipo akaja Mama Giramia. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, Mkatoliki wa upande wa Mahagi, wa kando ya ziwa. Kikundi cha wakristo wa makanisa mbalimbali huko kwao kilikuwa kinatafsiri Maandiko kwa Kialur, kikahitaji mtu mmoja anayesoma Kigiriki. Kilimchagua yeye. Shule yetu ilimpa nafasi, na kanuni ilikuwa moja kwa wote: ukifeli Kigiriki kikao cha kwanza cha mitihani unarudia, ukifeli cha pili unafunga mizigo. Cha kwanza alifeli kwa sababu ya vitenzi. Alijifunza upya kwa bidii iliyonitisha. Nilimwona akichambua maharagwe jikoni huku kijitabu kimeegemezwa kwenye sufuria. Kikao cha pili vitenzi vyote aliviweza. Kilichomwangusha kilikuwa mchoro wangu.

Alichora meli nzuri kuliko zote nilizowahi kusahihisha, yenye mbavu, na kamba, na usukani. Ila prora aliiweka mbele, imezama mchangani, na prumna nyuma, inapasuka. Nanga zote nne za habari ile zilining'inia nyuma. Kinyume kabisa na daftari langu. Nikapiga alama nyekundu kutoka kona hadi kona. Pointi zikashuka chini ya nusu, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi walimu tungekaa kwenye kikao cha pointi, kile tunachokiita délibération, na jina lake lingesomwa kati ya wanaoondoka.

Jumanne alinifuata ofisini na karatasi yake mkononi.

"Profe, munisamehe," alisema. "Hii alama nyekundu iko ya nini?"

"Umegeuza meli, Mama."

"Sikugeuza. Mashua ikikimbilia inchi, mbele njo inaingia mu muchanga. Nyuma inabakia mu maji, mawimbi inaipiga. Habari inasema prora njo iliingia. Basi prora iko mbele. Haiwezekane ingine."

"Na hayo darasani hukuyasema?"

"Mu kalasi sikuweza. Muko mukubwa yangu."

Hapo, wanangu, Mungu alinifungulia mlango mpana kabisa, nami nikaufunga. Nilimwambia, "Mama, hapa tunasoma Kigiriki. Hatusomi uvuvi."

Aliikunja karatasi mara mbili, akasema asante, akatoka. Hakupiga kelele wala hakulia. Nimesema maneno mengi ya kijinga maishani, lakini hilo nikilikumbuka hata leo nasikia joto masikioni.

Mwenzangu Dieudonné, mwalimu wa Kiebrania, alikuwa meza ya pili anapanga karatasi zake. Alisubiri mpaka mama amefika mbali. Kisha akaniuliza, "Ngabu, weye ulishaka panda mashua?"

"Hapana."

"Hata mutumbwi?"

"Hata mtumbwi."

"Na yule mama?"

Dieudonné akaendelea kupanga karatasi zake taratibu sana, na nilimchukia kwa muda wa kama nusu saa. Halafu nikaenda jikoni nikamkuta Mama Giramia anaosha sahani, nikamwambia kesho nataka kwenda kuona mashua, naye anionyeshe. Aliniangalia kwanza ajue kama namchezea.

Jumatano tukapanda pikipiki mbili, yeye yake na mimi yangu, tukateremka mpaka Kasenyi. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, alikuwa anavulia huko. Walimwita Udaga, mtu mfupi, mabega mapana, maneno machache. Mama Giramia alimweleza kwa Kialur, naye Udaga akaniangalia viatu vyangu vya ngozi. "Profe ataketi nyuma," alisema, "mbele kuko nyavu."

Sitawaeleza ziwa. Mtaliona wenyewe, na mimi sikuliona sana kwa sababu baada ya dakika kumi niliinamisha kichwa nje ya mashua na kutoa chai, mkate na kila nilichokuwa nimekula tangu asubuhi. Miaka yote hiyo nilikuwa naandika nautia ubaoni kwa chaki, natoa tafsiri yake, nasonga mbele. Siku hiyo nililielewa neno lenyewe kwa tumbo. Udaga hakucheka. Alinipa maji ya kusukutua na kuniambia nitazame milima, nisitazame maji. Shauri hilo ni zuri, lishikeni.

Upepo wa mchana ulipoanza, alituelekeza nchi kavu. Mama Giramia aligeuka akanitazama kule nyuma nilikokaa. "Profe, mutazame sasa."

Mashua ikakimbia. Mbele ikapanda mchangani, shaa, ikasimama kama ng'ombe aliyekataa. Wimbi lililotufuata halikuwa na habari kwamba tumefika. Likainua nyuma ya mashua pamoja na mimi, likatuangusha, na la pili likaingia lote mapajani mwangu. Mbao zililia chini yangu. La tatu sikulisubiri. Niliruka majini na viatu vyangu, nikajikokota hadi ufukweni nimelowa mpaka kifuani, na wanawake waliokuwa wanaanika samaki wakacheka mpaka wakashikana.

Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimeketi kwenye prumna. Hapakuhitajika mtu wa kunitafsiria.

Tulikaa juani ili nikauke. Ndipo Mama Giramia aliposema, bila kuniangalia, macho yakiwa kwenye ile mashua, "Bwana yangu alikufa vile. Ilikuwa pale kwetu, karibu kabisa na inchi, hata hatua makumi mbili hazifike. Mbele ilishika muchanga. Siye tulikuwa tunasimama tunawaona. Yeye alikuwa nyuma, ku moteri. Ile nyuma ikavunjika, ikarudi naye." Akachota mchanga, akaumwaga. "Wakati nilisoma ile habari kwa Kigiriki, mara ya kwanza, niliona aliyeandika alikuwa ndani. Hakuna mutu anaweza kubuni vile."

Nilitafuta namna ya kumwomba msamaha. Mwisho nilisema tu, "Mama, nilikosea. Na neno lile la uvuvi nililokuambia, lilikuwa baya." Akasema, "Ndiyo, lilikuwa mubaya." Nilishukuru kwamba hakuniambia si neno, maana lilikuwa neno.

Nilirudi Bunia na suruali imekauka chumvi ya jasho na mchanga. Nikaenda moja kwa moja maktaba, nikafungua kamusi kubwa ya Kifaransa, nikatafuta proue. Sehemu ya mbele ya meli. Ilinichukua dakika moja. Kwa miaka kumi na minne kamusi hiyo ilikuwa kwenye rafu ile ile, hatua tano kutoka kiti changu. Sikilizeni ushauri wa fundi mzee: neno likifasiriwa kwa neno usilolijua, hujafasiriwa kitu. Usiende mbele. Tafuta tena, au muulize aliyekishika hicho kitu kwa mikono. Na daftarini andika kwa penseli.

Alhamisi kikaanza kikao. Tulikuwa walimu kumi na wawili. Jina la Mama Giramia lilipofika nikaomba nafasi, nikasema kwamba pointi zake zina kasoro. Mkuu wa masomo, mtu mwema asiyependa vurugu, aliinama kwangu akanong'ona, "Prof, si tumuongezee pointi za huruma tu? Ni mujane. Hakuna atakayeuliza, na jambo linaisha."

Nitawaambia ukweli, nilivutwa. Lilikuwa jambo jepesi. Yeye angebaki, mimi ningebaki profesa, na daftari langu ningelirekebisha kimyakimya wakati wa likizo. Lakini angerudi kwao akiwa mtu aliyehurumiwa, na mchoro wake, uliokuwa sahihi, ungebaki na alama nyekundu kutoka kona hadi kona. Nikafikiria yale macho yake kule ufukweni. Hakuwa anadai huruma ya mtu.

Nikasimama nikaenda ubaoni. Nikachora meli, safari hii na mshale. Nikasema, "Huyu mama hakukosea. Aliyefeli mtihani huu ni mimi, na nimeufeli mara kumi na nne." Nikawaeleza habari ya malaria, na ndizi, na kulia ndiko mbele. Mtu mmoja mwishoni akaanza kucheka kwa pua, akajizuia, akashindwa, na meza nzima ikaangua kicheko. Chaki ikakatika mkononi mwangu. Mkuu wa masomo alipofuta machozi akauliza, "Na wale wengine wote wa miaka iliyopita?" Nikasema nitawaandikia mmoja mmoja.

Niliwaandikia kweli, wale niliowapata. Majibu mengine yalikuwa ya upole, mengine ya kunicheka. Mchungaji mmoja alinijibu kwamba amekwisha kuhubiri mara tatu juu ya mbele ya meli kuvunjika, kwamba viongozi ndio wanaoumia kwanza, na watu walilia. Sasa afanye nini? Nikamjibu ahubiri juu ya nyuma. Wanaokaa nyuma wanaumia pia, nami nilikuwa shahidi.

Mama Giramia alimaliza masomo na kurudi kwao. Alama zake za mwisho hazikuwa za juu darasani, ila mchoro wake niliubandika ukutani ofisini, ile alama yangu nyekundu ikiwa juu yake, ili kila anayeingia aulize. Alipofika kwenye sura ile katika kazi ya kutafsiri, aliniandikia mara nyingi. Hakutaka neno la mtumbwi wa mvuvi kwa naus. Alichagua jina wanaloliita lile jahazi kubwa la mbao linalobeba watu na mizigo kuvuka kwenda Uganda, kwa sababu, alisema, hicho ndicho chombo ambacho kikivunjika vijiji vitatu vinalia.

Tafsiri kabla haijakubaliwa husomwa mbele ya wenyewe, ili waseme kama inasikika kama maneno yao. Alinialika siku ya kusoma sura hiyo. Ilikuwa asubuhi, ufukweni kwao, watu wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa na juu ya mchanga, labda sitini. Mimi nilipewa kiti cha plastiki na nakala. Kialur najua salamu tu, lakini nilifuata kwa Kigiriki nilichokuwa nacho magotini.

Alisoma vizuri, bila haraka. Watu walitikisa vichwa alipofika kwenye nanga nne za nyuma, na mzee mmoja akasema kitu, wenzake wakaitikia. Nikaulizia kwa jirani yangu. Alikuwa amesema: huyo nahodha anajua kazi. Kisha meli ikakimbilia nchi, mbele ikaingia mchangani, na nyuma ikaanza kupasuka. Hapo hata watoto waliokuwa wanacheza majini walisimama kwa kuona wakubwa wamenyamaza.

Mwanamke mzee sana aliyekuwa mbele, amekaa chini miguu imenyooshwa, aliinua mkono. Sikujua ni nani mpaka jirani yangu aliponinong'oneza: mama mkwe wake, mama wa yule aliyekuwa nyuma kwenye moteri. Akauliza swali fupi. Lile nililielewa kabla sijatafsiriwa, kwa jinsi alivyolisema.

"Na watu? Walifika?"

Mama Giramia alitazama karatasi. Jibu lilikuwa mistari michache tu chini. Akaweka kidole hapo. Akaniangalia mimi, profesa wake, akanyoosha mkono na kunipa karatasi.

Nilisimama. Sikuijua lugha, ila herufi nilizijua, na yaliyoandikwa niliyajua, maana nilikuwa nimeyafundisha miaka mingi, hata kama kinyumenyume. Nikasoma kwa Kialur kibaya kabisa, neno moja moja: wanaojua kuogelea wakajitupa majini kwanza, wengine wakashika mbao, wengine vipande vya meli, na hivyo wote, bila kukosa hata mmoja, wakafika nchi kavu. Hakuna aliyecheka matamshi yangu.

Yule mama mzee aliinamisha kichwa. Mama Giramia alikwenda akaketi karibu naye mchangani, wakashikana mikono, wote wawili wanalia bila kuficha. Halafu mzee akainua uso, akanitazama mimi mtu wa vilima, akasema maneno mawili. Sikusubiri jirani yangu anitafsirie.

Nikasoma tena.